Skrubu Zilikuwa Zimelegea

Mtu mmoja alikuwa na mkwe, na mkwe huyo alikuwa na bunduki mpya. Mtu mwenyewe aliitwa Mfaume. Alikuwa fundi wa kijiji: aliziba pancha za baiskeli, alitia majembe mipini, alifungua redio zilizokataa kusema nazo zikasema. Mkwe wake, yaani baba wa mkewe, aliitwa Kashindye, mwindaji aliyejulikana tangu enzi za magobole, zile bunduki za kienyeji. Kijiji sikitaji jina. Nikikitaja mtaanza kusema hizo ni habari za watu wa kule, nami sikuja hapa kusema habari za watu wa kule.

Wanakijiji walikuwa wafuga nyuki na wakulima wa mpunga. Mashamba yao yalikuwa bondeni, yakiishia kwenye matete ya mtoni. Mwaka mmoja akahamia ndani ya matete hayo nyati dume, mzee, aliyefukuzwa na kundi lake. Nyati wa namna hiyo hana wa kumwogopa wala wa kumpenda. Alimvunja nyonga kijana wa watu aliyekwenda kukata fito, na tangu siku ile bonde likawa lake. Mpunga ukaanza kuchanua bila mtu wa kuupalilia wala wa kuamia ndege. Watu walisimama juu ya kilima wakatazama chakula chao cha mwaka kikiliwa na kwelea.

Basi wakakusanya asali ya msimu mzima, wakaiuza, wakaomba kibali, wakanunua bunduki moja ya kiwandani, mpya kabisa, yenye darubini juu yake. Kila nyumba ilitoa. Mwashi, mjane aliyeishi na mama yake mzee, alitoa ndoo ya asali aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya bati za nyumba yao. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema bati zitasubiri, mpunga hausubiri. Shamba lake ndilo lililokuwa la mwisho kabisa, lile linalopakana na matete.

Bunduki akapewa Kashindye, na hapakuwa na mjadala. Angepewa nani mwingine? Huyu ndiye mtu aliyewahi kumngoja chui kwa mkuki na kumrudisha nyumbani begani. Kibali kiliandikwa jina lake, naye akaipokea bunduki kwa mikono miwili mbele ya watu wote, na wanawake wakapiga vigelegele.

Sasa sikilizeni jambo lililotokea siku ya kwanza, kwa maana mengine yote yalizaliwa hapo. Kashindye alikwenda porini peke yake kuijaribu bunduki. Mtu aliyezoea gobole hulaza shavu karibu sana na bunduki, maana gobole halina cha kumgonga usoni. Hii mpya ilikuwa na darubini, na darubini ina ukingo wa chuma. Alipofyatua, bunduki ilirudi nyuma kwa nguvu na ukingo ule ukampiga juu ya jicho la kulia. Damu ikamfunika jicho. Akakaa chini ya mti, mzee mzima, peke yake, akiwa ameshika uso kwa kiganja. Aliporudi nyumbani alisema amejikwaruza na tawi la mninga. Mzee akisema tawi, ni tawi. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Kidonda kilipona, lakini jicho halikusahau. Nataka mlielewe hili vizuri: moyo wa Kashindye haukuwa na woga. Ni jicho lililoogopa, na bega, na kidole. Kila alipokaribia kufyatua, jicho lilijifumba lenyewe na mkono ukauvuta mtutu chini kabla risasi haijatoka. Mwanzoni hakujua. Baadaye alijua kidogo. Mtu akishajua kidogo jambo la kumwaibisha, hufanya kila njia asilijue lote.

Akaenda bondeni mara ya kwanza, nyati akasimama peupe, Kashindye akapiga, nyati akaondoka zake kwa mwendo wa kawaida. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu risasi ilitimua vumbi hatua kumi mbele ya mnyama. Kila aliporudi watu walimwuliza, naye alijibu kwamba bunduki imekosa. Lugha yetu ni karimu sana, ndugu zangu. Humruhusu mtu kusema bunduki imekosa, jembe limekataa, gari limenishinda, mdomo umeteleza. Kitu kisicho na mdomo hakiwezi kujitetea.

Kijiji kizima kikageuka mafundi. Mmoja alisema tatizo ni risasi, zimechanganywa za maboksi mawili. Zikatafutwa za boksi moja. Mwingine alisema mtutu wa bunduki mpya huja na grisi ya kiwandani, na grisi huipotosha risasi. Ukasafishwa kwa tambara na mafuta, tambara likatoka jeusi, wote wakaridhika, na bunduki ikakosa tena. Wa tatu alisema mvua imevimbisha ubao na ubao unausukuma mtutu. Ikaanikwa juani siku mbili kama mhogo. Akatokea hata wa kusema haikuzindikwa. Akaitwa mganga, akaifunga uzi mweusi, akala kuku, akaenda zake. Maneno yao hayakuwa ya kipumbavu. Bunduki kweli hukosa kwa sababu ya risasi, na kwa grisi, na kwa ubao uliovimba. Lakini angalieni: waligusa kila kitu kutoka mdomo wa mtutu mpaka kitako, wakaishia kwenye kitako. Hakuna aliyesogea kiganja kimoja zaidi, mpaka kwenye bega lililokishika. Mchagua jembe si mkulima, wote waliijua methali hiyo, na wote waliimeza.

Mwishowe mwenyekiti wa kijiji akasema bunduki ipelekwe kwa Mfaume. Mfaume hakufurahi. Mnajua mambo ya mkwe yalivyo kwa watu wale. Mkwe hatazamwi usoni. Ukimkuta njiani unatoka njiani, unachuchumaa, unaangalia chini, unaitikia. Huli naye sahani moja. Huutaji mwili wake hata kwa wema, wala hata kumwambia amekonda. Mfaume alikuwa amemwoa binti wa Kashindye miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuwa amewahi kuutazama uso wa mzee yule kwa muda wa kupepesa macho mara mbili. Alimpenda sana. Mahari ilipomshinda kumaliza, ni Kashindye aliyewaambia ndugu zake waache, kijana ana mikono mizuri.

Wakaenda wawili nyuma ya kijiji, penye kichuguu kirefu, mahali pa kusimamisha ubao wa shabaha. Mwenyekiti na watu wengine walibaki barabarani, mbali kidogo, wakingoja jibu. Mfaume akaanza kazi kama fundi anavyoanza, kwa kushuku kila kitu. Akachukua karatasi, akaipitisha kati ya mtutu na ubao. Ikapita bila kukwama. Akachungulia mtutu, uling'aa kama kikombe kipya. Akatia bisibisi kwenye skrubu za darubini, moja baada ya nyingine, akakaza kwa nguvu. Hazikusogea hata upana wa unywele. Zilikuwa zimekaza tangu kiwandani.

Kisha akaweka magunia mawili ya mchanga, akailaza bunduki juu yake, akalala, akapiga risasi tatu. Matundu matatu yalikaa pamoja ubaoni, ungeyafunika kwa kizibo cha soda. Akafurahi, maana fundi hufurahi akikuta kitu ni kizima. Furaha ile ilidumu mpaka alipoinuka na kumwona mkwe wake amesimama pembeni, mikono nyuma, akitazama matundu yale matatu.

Akamwomba mzee apige yeye. Kashindye akalala kwenye magunia. Risasi ya kwanza ilichimba udongo chini ya ubao. Ya pili vilevile. Mfaume akasema kwa upole kwamba atamtilia ya tatu mwenyewe, ili mzee asihangaike kuinuka. Mfukoni alikuwa na maganda ya risasi zilizokwishapigwa. Akatia ganda tupu, akafunga, akachuchumaa kando.

Na kwa kuwa kazi ilimtaka atazame, akatazama. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja aliutazama uso wa mkwe wake. Aliona kovu juu ya jicho la kulia. Tawi la mti hukwaruza mstari. Kovu lile lilikuwa na umbo la mwezi mwandamo, limepinda sawasawa na ukingo wa darubini uliokuwa mbele yake. Kisha kidole kikavuta. Bunduki ikalia *ta*, basi, kama kufuli. Hapakuwa na mshindo wala teke, wala upepo wa kusingiziwa. Lakini jicho la mzee lilikuwa limefumbwa kwa nguvu, uso umekunjamana, na mtutu ulikuwa umezama chini upana wa kiganja.

Kashindye hakuinuka wala hakugeuka. Alibaki amelala vile, shavu kwenye ubao, na Mfaume aliona shingo yake, na mvi za kisogoni, na jasho. Alimwonea huruma, na huruma ile ilikuwa ya kweli. Mimi simcheki. Ningekuwa pale ningeona kile alichokiona na ningetamani ardhi inimeze.

Tena alijua dawa. Hilo ndilo linaloniuma kila ninapoisimulia habari hii. Ugonjwa ule haukuwa wa ajabu. Huwapata askari, huwapata mabingwa. Dawa yake ni kufyatua ganda tupu, uani, asubuhi na jioni, siku saba, kumi labda, mpaka jicho litambue kwamba halipigwi. Kisha kusogeza uso nyuma kidogo. Dawa yenyewe ilikuwa mfukoni mwa Mfaume, ikigongana na funguo. Ilihitaji sentensi moja tu: baba, unafumba jicho. Na sentensi nyingine kwa mwenyekiti: nipeni siku kumi, mtu yeyote asishuke bondeni.

Hakuisema. Alifikiri angemwambia mkewe, mkewe amwambie mama yake, mama amwambie mzee, maana hiyo ndiyo njia ya heshima ya kufikisha neno kwa mkwe. Lakini njia hiyo ni ndefu, na watu walikuwa barabarani wakingoja sasa hivi. Akasema moyoni atamwambia kesho, taratibu, watakapokuwa wawili. Na papo hapo walikuwa wawili. Akachukua bunduki, akatoa ganda, akalificha kiganjani. Akatembea mpaka barabarani, mkwe wake akija nyuma yake. Mwenyekiti akamwuliza amekuta nini.

"Skrubu zilikuwa zimelegea," alisema Mfaume. "Nimezikaza."

Watu wakashangilia. Wengine walisema ndivyo walivyodhani tangu mwanzo, na mmoja akaapa kwamba aliisikia darubini ikicheza. Jioni yake Kashindye alimpelekea Mfaume jogoo, amefungwa miguu, bila ujumbe wowote. Mfaume akamchinja, akamla na watoto wake, na mkewe alipouliza jogoo ni wa nini akasema ni wa kazi.

Jambo alilolifanya fundi yule kwetu lina jina zuri. Tunaliita kumsitiri mtu. Tumelelewa hivyo: ukiona utupu wa mzee, vua shuka lako umfunike, wala usigeuke kutazama mara ya pili. Nami nimefundishwa hivyo na nimewafundisha wanangu hivyo. Lakini shuka lina upana wake. Ukilivuta kumfunika huyu, angalia ni nani umemwacha wazi.

Kesho yake asubuhi Mwashi alipita mbele ya kibanda cha Mfaume, jembe begani, akisindikizwa na mama yake mpaka njia panda. Akasimama, akamsalimu, akamwuliza kama ni kweli bunduki imepona, maana palizi imempita na mama hawezi kula majani. Mfaume alikuwa ameinamia gurudumu la baiskeli. Hakuinua kichwa. Alisema bunduki ni nzima. Na hilo, ndugu zangu, halikuwa uongo. Ndiyo maana lilikuwa baya kuliko uongo. Bi Kalunde, mama yake Mwashi, alimshukuru kwa kazi ya mikono yake.

Ile kesho ya kumwambia mzee ikaja, na palikuwa na wageni. Ikaja kesho ya pili, na mzee alionekana mwenye furaha. Siku ya tatu alfajiri Kashindye aliingia bondeni, kwa kuwa kijiji kilimtazamia aingie, na bunduki iliyokwisha kutengenezwa haina sababu ya kukaa ndani.

Jua lilipokwisha kutoka nyati alijitokeza ukingoni mwa matete. Kashindye akalenga, jicho likajifumba, risasi ikatoka. Alipofungua jicho aliona matete yakifungana nyuma ya mnyama. Akaenda pale aliposimama, akakuta damu kwenye jani, nyeusi, yenye chembe za majani yaliyotafunwa. Kila mwindaji anajua damu ya namna hiyo inatoka wapi. Inatoka tumboni. Mnyama aliyepigwa tumboni hafi leo wala hasahau.

Wawindaji wa kwao walikuwa na sheria moja, ya zamani kuliko bunduki. Aliyejeruhi hupuliza baragumu mara tatu, na mtu yeyote asishuke bondeni mpaka yeye mwenyewe amfuate mnyama na kummaliza. Pembe ya baragumu ilikuwa shingoni mwa Kashindye. Akaishika. Akafikiri matete yale, jinsi nyati aliyejeruhiwa anavyozunguka na kurudi kukaa kando ya njia yake mwenyewe akimngoja anayemfuata, na jinsi atakavyopiga akiwa hatua tano, huku jicho limefumbwa. Zamani angesema bunduki imekosa, watu wangeendelea kuogopa, na wangepona kwa woga wao. Sasa hata neno hilo hakuwa nalo tena. Mkwe wake alikuwa amezikaza skrubu.

Akafuta kidole chenye damu kwenye suruali. Akapanda kilimani, akawaambia watu kwamba amemkurupusha nyati, naye mnyama amevuka mto, ameshika njia ya mbugani. Wakamwamini kwa sababu walimwamini fundi. Siku ile ile wanawake sita walishuka bondeni na majembe yao, wakafanya kazi mpaka jioni, wakarudi wakiimba. Mfaume aliwasikia wakipita, na akaona afadhali hakusema, mambo yamejitengeneza yenyewe.

Siku iliyofuata, mchana, jua likiwa utosini, nyati alitoka kwenye matete yaliyopakana na shamba la mwisho. Waliokuwa mashamba ya juu walisikia sauti ya Mwashi mara moja. Sitasimulia walichokikuta. Nitasema tu kwamba jembe lake lilikuwa limesimama wima ardhini, pale alipoliacha.

Wanaume walikimbia na mikuki na mashoka. Mfaume alikimbia nao, na njiani alimkuta mkwe wake amesimama na bunduki, hasogei mbele wala nyuma. Mfaume hakutoka njiani wala hakuchuchumaa. Alinyoosha mkono na mzee akamwachia bunduki kama mtu anayempa mwenziwe mzigo. Nyati alikuwa amesimama kwenye mpunga, kichwa chini, tumbo limevimba kwa risasi ya jana. Hatua ishirini. Mfaume alipiga risasi moja. Mnyama alikunja magoti, akalala.

Watu walimtazama nyati, kisha wakaliona tundu la zamani tumboni, lenye nzi, na lile jipya nyuma ya bega, mahali hasa panapotakiwa. Kisha mmoja mmoja wakaanza kuitazama bunduki. Hakuna aliyezungumza habari za skrubu.

Walimzika Mwashi kesho yake asubuhi, nyuma ya nyumba isiyo na bati. Msemaji wa familia alisimama, akawashukuru waliotoka mbali na karibu kuja kumsitiri mwenzetu katika nyumba yake ya mwisho. Alisema neno la kawaida, lile tunalolisema kwenye kila mazishi. Mfaume alikuwa ameshika koleo. Aliposikia neno lile akalichomeka koleo kwenye udongo. Alikuwa amemsitiri mmoja kwa maneno manne barabarani, na sasa anamsitiri mwingine kwa udongo, na lilikuwa tendo lile lile moja, halijakatika popote katikati.

Watu walipopanga mstari kutia udongo, Bi Kalunde aliinuka kwenye mkeka. Wanawake walitaka kumshika, akawaondoa mikono. Alikuwa mwanamke mzee mwenye akili, na usiku kucha hakuwa na kazi nyingine ila kufikiri. Alifikiri bunduki ambayo mikononi mwa mmoja hukosa mara zote na mikononi mwa mwingine haikosi hata mara moja. Alifikiri kichwa kilichoinamia gurudumu la baiskeli. Akaja mpaka mbele ya Mfaume, akamtazama usoni, akamwuliza kwa sauti ndogo, isiyo na hasira.

"Mwanangu, ulijua tangu lini?"

Mfaume alifungua mdomo. Kashindye alikuwa ng'ambo ya kaburi, anaangalia miguu yake, mkono mmoja umefunika kovu. Fundi yule, aliyeweza kufanya redio zilizokufa ziseme, hakuweza kusema. Bi Kalunde alingoja, naye alijua kungoja. Mwishowe akageuka, akarudi kwenye mkeka, na kaburi likafukiwa. Kashindye hakuishika bunduki tena, na alikufa kabla ya mwaka kwisha. Mfaume bado yupo; anaziba pancha. Wanasema kuna ganda la risasi analoliweka kwenye kopo la skrubu, na mteja akimwuliza ni la nini, anasema ni la kazi.

Najua wengi wenu mmekwisha kumhukumu Kashindye, na mkifika nyumbani mtamtaja jina. Mwacheni. Akina Kashindye ni wachache, na kila mmoja atamjibu Mungu wake. Mimi nimekuja kwa ajili ya Mfaume, kwa maana ninapotazama mbele yangu naona akina Mfaume watupu, watu wema, wenye heshima, wenye mikono mizuri. Yuko dereva wa watoto wetu ambaye macho yake yamekwisha, na utingo wake anajua. Yuko mkunga ambaye mikono inamtetemeka tangu asubuhi kwa kile anachokunywa, na mwenzake wa zamu anajua. Yuko mzee wetu wa kanisa, yuko imamu wa jirani zetu, yuko baba wa mtu nyumbani kwake. Kila mmoja ana fundi aliyekwisha kuuona mtutu ukizama. Na fundi huyo amekuja barabarani akatuambia ni skrubu tu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini hawakutuambia ni kifo cha nani.

Mama wa mtu atakaposimama mbele yako, udongo ukiwa mkononi mwako, hatakuuliza kama ulikuwa na heshima. Basi mimi nakuuliza leo, kungali na siku kumi, kabla yeye hajaja kukuuliza: ulijua tangu lini?